Maswali ya Kuuliza Tukifika

Mjukuu wangu alimaliza kila kitu kabla chai yangu haijapoa. Ilikuwa jioni ya Aprili 2023, tumekaa barazani nyumbani Moshi, mvua ya masika imekata kidogo na kilele cha Kibo kimejitokeza kwa zile dakika chache ambazo majira hayo huturuhusu kukiona. Aliniuliza nataka kwenda lini, nikamwambia katikati ya Septemba. Aliniuliza nataka kucheza asubuhi au mchana, nikasema asubuhi. Akagusa kioo cha simu mara nne, mara tano.

"Babu, tayari. Tarehe kumi na nne Septemba, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, mashimo kumi na nane. Hoteli nimeshika. Treni nimeshaziona."

Kisha akanifungulia picha za uwanja zilizopigwa kutoka angani, shimo moja baada ya jingine, misonobari pembeni, vilele vyenye theluji kwa mbali. Tulikuwa tumefika shimo la tano nilipomwomba azime. Alidhani nimechoka. Niliingia chumbani, nikavuta sanduku lililo chini ya kitanda, nikatoa kauntabuku.

Ni kauntabuku la kwaya tatu, jalada gumu jeusi, mgongo wa kitambaa chekundu ulioanza kufumuka nyuzi. Mwandiko wa ndani si wangu. Ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa penseli, herufi kubwa, mstari umepigwa kwa rula mara mbili: SAFARI YA GOFU, CRANS, USWISI. Chini yake kuna mahali pa mwaka. Hapo karatasi imesuguliwa kwa kifutio mara nyingi kiasi kwamba imetoboka, na ukiinua ukurasa kwenye mwanga unaona tundu lenye ukubwa wa punje ya mahindi.

Tundu lile nilichangia kulitoboa. Ndiyo maana ninaandika haya.

Mwenye mwandiko alikuwa mwalimu wa jiografia, na mji mzima ulimwita Mwalimu, kwa hiyo nami nitamwita hivyo. Alizaliwa Kirua Vunjo, baba yake akiwa mmoja wa wazee wa mfongo, wale waliosimamia mgawo wa maji ya mfereji kutoka msituni hadi migombani. Alipokuwa na miaka kumi alianza kushuka mjini siku za mapumziko kubeba mifuko ya wachezaji wa gofu. Alikuwa kedi mpaka alipomaliza sekondari. Makedi waliruhusiwa kucheza Jumatatu, na yeye alijifunza kwa fimbo moja ya chuma namba 5 aliyopewa na mzungu wa mashamba, mpini wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Nilipokutana naye mwaka 1989 mimi nilikuwa mhasibu katika biashara ya kahawa, nina seti kamili ya fimbo na sijui kuzitumia. Yeye ndiye aliyenifundisha kusimama.

Mwanzoni mwa 1994 jarida la gofu la Kiingereza lilifika mikononi mwetu, limeachwa na mgeni. Ndani yake mlikuwa na habari ya mashindano ya Uswisi ya Septemba 1993, yanayochezwa Crans, juu ya bonde la mto Rhône katika jimbo la Valais. Mwalimu aliisoma kwa sauti tukiwa kwenye varanda ya klabu, makedi wawili wamesimama nyuma yake.

Severiano Ballesteros, Mhispania, alikuwa anawakimbiza wanaoongoza siku ya mwisho. Kwenye tii ya shimo la 18 mpira wake ulipotea kulia, ukaenda kulala karibu kabisa na ukuta wa bwawa la kuogelea, matawi ya miti yamening'inia juu yake. Kedi wake, Billy Foster, alimsihi aupige pembeni urudi kwenye njia, aokoe pigo moja. Ballesteros aliona upenyo kati ya ukuta na matawi, upenyo ambao watu wengine hawakuuona hata walipoonyeshwa. Akaupiga mpira wima juu ya ukuta, ukapita kwenye matawi, ukavuka bwawa, ukaanguka mita chache kabla ya grini, zile nyasi fupi zenye shimo. Kisha kutoka pale akautia shimoni kwa pigo moja. Hata hivyo hakushinda. Mwingereza Barry Lane alimzidi kwa pigo moja.

Sisi wengine tuliendelea kubishana juu ya upenyo. Mwalimu alinyamaza, akafunga jarida, akasema, "Kedi alisema kweli. Na mchezaji naye alikuwa na haki." Baada ya muda akaongeza, "Twende tukauone ule ukuta."

Alimpenda Ballesteros kwa sababu alimfahamu. Mtoto wa kijiji cha Pedreña, kando ya bahari, kaka zake makedi, yeye mwenyewe kedi, amejifunza mchezo ufukweni kwa fimbo moja ya chuma namba 3. Kwa Mwalimu ile namba 3 na namba 5 yake zilikuwa ndugu.

Siku ya pili alikuja na kauntabuku jipya. Nilimuuliza kwa nini penseli, akasema mpango ni kitu cha kufutika.

Ijumaa zikawa zetu. Kwa miaka mitano hivi, tukitoka kazini, tulikaa kwenye meza yangu ya kulia chakula na atlasi ya shule yake, taa ya chemli ikiwa karibu kwa sababu umeme ulikuwa wa mgawo. Mke wangu alituuliza swali ambalo mtu yeyote wa Moshi angeuliza: mlima mnao mlangoni, wa mita 5,895, mnakwenda kutafuta mlima gani? Mwalimu alimjibu kwa heshima zote. "Shemeji, mkulima akipita kwenye kihamba cha mwenzake hutazama migomba. Si kwamba hana yake." Mke wangu alicheka, akatuletea ndizi za kuchoma, na hakuuliza tena.

Tuliandika barua kwenye ofisi ya utalii ya Crans-Montana. Majibu yalichukua wiki tano. Bahasha ilikuwa nene, na tulipoifungua ilitoa harufu ya karatasi mpya yenye kung'aa, harufu ambayo siku zile ilikuwa ndiyo harufu ya ughaibuni. Kulikuwa na kitabu cha picha, ramani ya uwanja na ratiba ya treni. Ramani ile Mwalimu aliigandisha kwa gundi katikati ya daftari, na mpaka leo imekaa, ingawa kona moja imeliwa na mende.

Kila Ijumaa tulichukua jambo moja. Tuliona kwamba Crans iko kwenye uwanda wa mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwamba hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo mpira huruka mbali zaidi. Mwalimu alipiga hesabu: kule mpira unaongeza kama asilimia 6 ukilinganisha na usawa wa bahari, na hapa Moshi tayari tunaongeza kama asilimia 3. Pigo langu la yadi 150 litakuwa yadi 155 hivi. Kisha akakumbuka kwamba wenyeji wa kule hupima kwa mita, akaanza kugeuza yadi zote kuwa mita, safu baada ya safu, fimbo baada ya fimbo, za kwangu upande wa kushoto na zake upande wa kulia. Jedwali lile limejaza kurasa tatu. Sijawahi kuona mtu akiandika tarakimu kwa mapenzi kiasi kile.

Tulijifunza kwamba uwanja hulala chini ya theluji na hufunguliwa karibu Mei mpaka Oktoba, na kwamba mwishoni mwa Agosti na mwanzo wa Septemba usitegemee kupata nafasi kwa sababu ya mashindano. Juni ilimvutia kwa sababu ya mwanga. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta, jua letu huzama saa kumi na mbili na nusu na halina mjadala. Kusikia kwamba mtu anaweza kumaliza chakula cha jioni na bado akaona bendera ya grini, Mwalimu aliona ni jambo la kwenda kulishuhudia kwa macho. Lakini mwishowe tulichagua Septemba, kwa kuwa mvua hupungua na watu huwa wameondoka.

Kutoka kituo cha Sierre, chini kabisa bondeni penye mizabibu, unapanda treni ya kuvutwa kwa waya mpaka Montana. Ilifunguliwa mwaka 1911. Mwalimu alipoisoma tarehe hiyo aliweka penseli chini. Mwaka uleule wa 1911 ndio reli kutoka Tanga ilipofika Moshi. Wiki nzima aliwaambia wanafunzi wake habari hiyo. Na alipopata kwamba uwanda wa Montana ulianza kujulikana kwa wagonjwa wa kifua kikuu waliopelekwa huko kwa ajili ya jua na hewa kavu, akaandika pembeni: "Kama Kibong'oto." Hospitali ya Kibong'oto, upande wetu wa Siha, ilianzishwa mwaka 1926 kwa ugonjwa uleule. Mama yake alitibiwa huko, akapona. Ndivyo alivyokuwa. Hakuna mahali alipoweza kupaita pa kigeni, kila kitu alikitafutia jamaa yake nyumbani.

Jamaa mkubwa kuliko wote alimkuta ukurasa wa mwisho wa kitabu cha picha. Ilikuwa picha ndogo, mfereji wa mbao umeshikizwa kwenye jabali refu, maji yanapita ndani, na ubao mmoja mwembamba pembeni kwa ajili ya kupita mtu. Maelezo yalisema wenyeji wanaita mifereji hiyo bisses, na kwamba huo wa Ro, juu ya Crans, una zaidi ya miaka 500. Mifereji ya aina hiyo huchukua maji ya barafu na theluji na kuyapeleka kwenye majani na mashamba chini.

"Mfongo," alisema Mwalimu. Sauti yake ilibadilika. "Bwana, hawa watu wana mfongo."

Tangu Ijumaa ile daftari likapata sehemu mpya nyuma, yenye kichwa MASWALI YA KUULIZA TUKIFIKA. Alianza na gofu. Swali la 1: kedi wa Ballesteros alisimama wapi? Swali la 2: je, vijana wa kijiji wanaruhusiwa kucheza, na siku gani? Lakini kuanzia swali la 6 ni maji matupu. Nani anasafisha mfereji, na asiyekuja kusafisha anatozwa nini? Mwanamke anaweza kuwa na zamu kwa jina lake? Barafu yao inapungua kama yetu? Hilo aliliandika mwaka 1996, siku ambayo alitoka nje ya darasa kuitazama Kibo na kuona weusi mahali ambapo utotoni aliona weupe. Yako maswali 14.

Nauli tulikuwa tunaiweka benki, kwa kitabu kimoja chenye saini mbili. Yeye alitegemea mshahara wa ualimu, kwa hiyo aliweka kidogo kila mwezi, bila kukosa. Mimi niliweka msimu wa mnada wa kahawa. Shirika la ndege la Swissair lilikuwa linakuja Dar es Salaam kupitia Nairobi, na bei za tiketi tulikuwa nazo. Desemba 1998 nilijumlisha, nikarudia kujumlisha. Fedha zilikuwa zimetimia. Nauli za watu wawili, siku saba, ada ya uwanja mara mbili, na ziada kidogo. Mwalimu aliandika 1999 kwenye ukurasa wa kwanza.

Mimi ndiye niliyesema tusubiri.

Nilikuwa na sababu, na nilizitoa kwa mpangilio kama mhasibu. Tulikuwa tumesikia kwamba uwanja unafumuliwa na kusukwa upya, na anayeusuka ni Ballesteros mwenyewe, grini zote anazibadilisha. Nikasema tukienda sasa tutaona nusu ya kazi, tusubiri umalizike. Na nilikuwa na sababu ya pili ambayo ndiyo ya kweli zaidi: handikapu yangu, yale mapigo anayosamehewa mchezaji dhaifu, ilikuwa 22 na nilitaka iwe chini ya 18 kabla ya kusimama kwenye uwanja ule. Niliona aibu kwenda na mchezo mbovu mahali pazuri. Mwalimu alikuwa na handikapu 9. Angeweza kusema neno. Alichukua kifutio, akafuta 1999, akapuliza vumbi lake mezani, akaandika 2000.

Mwaka 2000 binti yake alipata nafasi chuo kikuu. Alikuja Ijumaa, hakufungua daftari, akaniomba saini yangu benki. Nilitia saini nikiwa na furaha ya kweli kwa ajili ya mtoto yule, na nikamwambia tutaweka tena. Mwaka 2001 bei ya kahawa ilianguka duniani kote, ikafika mahali ambapo watu huku kwetu walianza kung'oa mibuni na kupanda nyanya, na pale kazini kwangu wengi tulipunguzwa. Fungu langu lililobaki likawa chakula. Tarehe 2 Oktoba mwaka huohuo ndege za Swissair zilikwama ardhini kwa kukosa fedha, na miezi michache baadaye shirika lenyewe halikuwepo. Mwalimu aliikata habari hiyo gazetini, akaibandika kwenye ukurasa wa nauli. Kila alipofuta mwaka na kuandika mwingine alikuwa anasugua palepale. Nadhani tundu lilitoboka mwaka 2004 au 2005.

Kisukari kilianza na vidole vya mguu wa kushoto. Baadaye kilihamia machoni. Aliacha kucheza mwaka 2008, ingawa aliendelea kuja uwanjani, anakaa kwenye benchi la shimo la kwanza, anasikiliza mlio wa mpira na kukuambia kosa lako lilikuwa kwenye goti au kwenye kiwiko. Hakukosea. Siku moja ya Mei 2011 nilimkuta pale na redio ndogo mapajani. Ballesteros alikuwa amefariki tarehe 7, kwa uvimbe wa ubongo, miaka 54. Nilikaa pembeni yake. Alisema tu, "Sasa hata tukienda, mwenye nyumba hayupo."

Alisema *tukienda*. Miaka kumi na mbili baada ya mimi kumwambia asubiri, macho yakiwa yameshafifia, bado alitumia *tukienda*.

Aliondoka mwaka 2014, wakati wa kuchuma kahawa. Baada ya arobaini, mkewe alinipa kauntabuku limefungwa kwa kanga. Alisema Mwalimu mwenyewe aliacha neno kwamba ni langu.

Ndiyo maana jioni ile ya mjukuu wangu na simu yake sikuweza kuendelea baada ya shimo la tano. Simu siidharau. Visa mwaka ule ilitaka alama za vidole, taarifa za benki za miezi kadhaa na bima ya matibabu ya euro 30,000, na bila mtoto yule ningeshindwa njiani. Kinachoniuma ni kwamba kila alichokifanya kwa dakika chache kilikuwa kinawezekana kwa wiki tano za posta mwaka 1999, na tulikuwa na fedha, na macho ya Mwalimu yalikuwa mazima. Ucheleweshaji ule haukutoka posta.

Nilikwenda. Septemba 2023, mimi na mjukuu. Kutoka Geneva treni inashika ukingo wa ziwa, inapita Lausanne na Montreux, kisha milima inakaribia pande mbili na unaingia bonde la Rhône. Nilishika daftari mapajani njia nzima. Sierre tulitembea na mifuko yetu mpaka kwenye ile treni ya waya ya mwaka 1911, ambayo sasa ina mabehewa mapya na inapanda kwa dakika 12. Mizabibu ikabaki chini, kisha nyumba, kisha misonobari, na tulipotoka juu hewa ilikuwa kavu na baridi, kama alfajiri ya Marangu mwezi wa Julai.

Mashindano yalikuwa yamekwisha karibu wiki mbili nyuma. Kijana wa Uswidi, Ludvig Åberg, ndiye aliyeshinda. Mafundi walikuwa bado wanashusha majukwaa ya watazamaji, bomba moja moja. Uwanja sasa unaitwa kwa jina la Ballesteros, na grini zake zimeinuliwa kama sahani iliyofunikwa, mpira usiotua katikati unateremka. Nilicheza polepole. Kwenye shimo la tatu nilitoa fimbo namba 7 kwa mazoea yangu ya Moshi, mpira ukaondoka safi, ukapita juu ya grini, ukaishia kwenye majani marefu nyuma. Mjukuu akanitazama. Nikatoa daftari mfukoni mwa begi, nikafungua kurasa za jedwali, safu ya kushoto. Tangu hapo kila pigo nilicheza kwa hesabu ya Mwalimu, mita kwa mita, na hesabu ya Mwalimu haikuniangusha.

Sitaeleza sana mandhari. Kusini ya bonde vilele vimepangana, Weisshorn ya mita 4,506 ikiwa mojawapo, na siku ikiwa safi unaona mpaka Mont Blanc. Nilivitazama na nikafurahi. Lakini sikuwa nimekwenda kwa ajili ya vilele.

Kwenye shimo la 18 nilimwachia mjukuu mfuko wangu, nikaenda kulia, kwenye miti. Ukuta upo. Kuna kibao cha chuma cha kumbukumbu ya pigo la 1993. Nilisimama karibu na mahali mpira ulipolala, nikainua uso kutafuta upenyo. Matawi yamekua miaka thelathini, sikuuona. Nikauliza, kwa Kifaransa cha mjukuu, swali la 1: kedi alisimama wapi? Kijana wa pale klabuni alitabasamu, akasema kila mtu huuliza mpira ulikuwa wapi, hilo la kedi hajawahi kuulizwa. Hakuna aliyejua. Nilitafuta mwenyewe mahali ambapo mimi ningesimama kama ningekuwa nimebeba mfuko mzito, nimeshatoa ushauri wangu na umekataliwa. Nilikaa hapo kidogo. Mbele ya swali la 1 nimeacha wazi.

Swali la barafu lilijibiwa juu, tulipopanda kwa magari ya waya mpaka kwenye barafu ya Plaine Morte. Nilitegemea weupe. Niliona uwanda mpana wa kijivu, umepasuka mifereji midogo ya maji yanayokwenda kasi, na sauti ya maji pande zote. Barafu za Uswisi zilipoteza asilimia 6 ya ujazo wake mwaka 2022 na asilimia 4 mwaka huohuo wa 2023 niliokuwa nimesimama pale. Ya Kibo, kuanzia 1912 mpaka 2007, ilipoteza asilimia 85 ya eneo lake. Niliandika kwa penseli: "Ndiyo, Mwalimu. Kama yetu." Kama tungekwenda mwaka tuliopanga, angeiona barafu ile ikiwa nyeupe zaidi kuliko nilivyoiona mimi, na angekuwa na macho ya kuiona.

Siku ya mwisho tulitembea sehemu ya mfereji wa Ro, ile salama ya mwanzo. Siwezi tena mbao za jabalini. Kisha tukashuka kijiji cha Botyre, Ayent, kwenye nyumba ya kale ya mawe iliyogeuzwa makumbusho ya bisses. Mzee aliyekuwepo alikuwa na umri kama wangu. Nilimwambia kwetu Kilimanjaro tuna mifongo, na kwamba rafiki yangu, mtoto wa mzee wa mfongo, ameniachia maswali. Mjukuu alitafsiri. Mzee alivuta kiti.

Alinionyesha vijiti vya mbao vilivyochongwa alama, ambavyo ndivyo vilikuwa daftari lao la zamu za maji, kila alama haki ya familia. Alinieleza siku za kusafisha mfereji kabla ya maji kuachiwa, watu wa kijiji wote na majembe, kama kwetu kabisa. Niliandika haraka, mwandiko wangu mbaya chini ya mwandiko wake mzuri, namba baada ya namba.

Tukafika swali la 14, la mwisho. Nililisoma jinsi lilivyo: "Usiku mlinzi akilala, anajuaje maji yamekatika?" Kwetu mtu alitumwa gizani na mwenge, na baba yake Mwalimu alikuwa mmoja wa waliotumwa. Swali lile lilitoka nyumbani kwao.

Mzee alipoelewa aliinuka bila kusema. Alitupeleka kwenye gurudumu dogo la mbao, kipenyo chake kama cha ungo, mhimili wake una kijino kinachonyanyua nyundo ya mbao. Akaachia maji. Gurudumu likazunguka, kijino kikainua nyundo, nyundo ikaanguka juu ya ubao. Ko. Ikainuliwa tena. Ko. Ko. Ko. Mlinzi alilala kwenye kibanda chake kando ya mfereji, alisema mzee, na mlio huu ulimbembeleza usiku kucha. Kisha akaziba maji kwa kiganja. Gurudumu likapunguza mwendo, likasimama. Kimya.

"Hapo ndipo anaamka," mjukuu alitafsiri.

Nilitafuta penseli. Mkono haukutulia mara moja. Nikaandika chini ya swali la 14 neno moja moja, nyundo, maji, kimya, kuamka, nikahakikisha yanasomeka. Kisha nikamwomba mzee ayafungulie maji tena.